Bukavu: Sukari inayojificha ndani ya pakiti, na namna ya kuitambua kabla ya kulipa

Wazazi wengi wa Bukavu hununua maziwa ya unga, biskuti, uji wa pakiti na juisi ya chupa wakiamini kwamba wanamuongezea mtoto nguvu. Nyuma ya kila pakiti kuna orodha ya vitu vilivyomo. Imeandikwa kwa herufi ndogo, na mara nyingi kwa lugha ambayo mnunuzi hasomi. Orodha hiyo ndiyo inayosema kama pesa iliyolipwa imenunua maziwa, imenunua tunda, au imenunua sukari.

Kuanzia soko la Kadutu mpaka Nyawera, na katika butike za Essence na Panzi, bidhaa hazitofautiani sana: biskuti za sashe, bomboni, maziwa ya mkebe, juisi ya unga ya kuchanganya na maji, yawurti, na vinywaji vya chupa ambavyo sisi wenyewe tunaviita "sucré". Nyingi zinapitia Rwanda kwa mpaka wa Ruzizi. Nyingine zimetoka Uganda, Kenya na Tanzania, au zimesafiri kutoka Uturuki, Uhindi, Uchina na Ulaya. Kila moja inafika na lugha yake: Kifaransa, Kiingereza, Kiarabu, Kichina. Mama anayenunua kwa Kiswahili au kwa Mashi anabaki na picha tu: picha ya nanasi, ya ng'ombe, ya mtoto mnene anayecheka.

Picha haina ulazima wa kusema kila kitu. Orodha ya vitu vilivyomo inao. Na mtu anaweza kujifunza kuisoma kwa dakika chache, hata kama hajui Kifaransa vizuri.

Kwa nini jambo hili linahusu Bukavu

Watu wengine husema mazungumzo ya sukari ni ya matajiri wanaotaka kupunguza unene. Kwa Kivu ya Kusini, hapana.

Jimbo letu lina neno lake kwa ugonjwa wa mtoto anayeshiba bila kulishwa vizuri: bwaki. Miguu inavimba, nywele zinabadilika rangi, mtoto ananyong'onyea. Waganga na watafiti waliufuata ugonjwa huo kwa miaka mingi huko Lwiro, katika Kabare, na tangu miaka ya 1960 Bukavu ilikuwa na Comité Anti-Bwaki, shirika lililoundwa kupambana nao. Somo waliloliacha wazee wetu wa afya ni rahisi: tumbo lililojaa si dalili kwamba mwili umepata unachohitaji. Mtoto anayekula bugali au mihogo peke yake, bila maharagi, samaki, yai au soya, anaweza kushiba kila siku na bado akaugua.

Sukari inafanya kazi ileile, tena haraka zaidi. Gramu moja ya sukari inatoa kilokalori 4 za nguvu, lakini haina protini, haina chuma, haina vitamini. Tumbo la mtoto ni dogo. Akianza siku na biskuti mbili na kikombe cha juisi ya unga, njaa inakwisha, na nafasi ya chakula cha kweli inakuwa imekwisha chukuliwa. Baada ya saa moja au mbili njaa inarudi, na mara nyingi inajibiwa kwa biskuti nyingine.

Upande wa pili kuna wakubwa. Waganga na watafiti wa Chuo Kikuu Katoliki cha Bukavu wamekuwa wakichunguza shinikizo la damu na ugonjwa wa sukari kati ya wakaaji wa jimbo kwa miaka mingi sasa. Magonjwa haya si ya Ulaya peke yake. Nyumba moja inaweza kuwa na mtoto mwenye utapiamlo na nyanya mwenye ugonjwa wa sukari, wote wakinunuliwa chakula katika butike moja.

Tuseme wazi: si kila ugonjwa wa sukari unatokana na kula sukari. Ule unaowapata watoto wengi, wa aina ya kwanza, unatokea mwili unapoharibu wenyewe sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini, na mzazi hana kosa. Lakini ule wa aina ya pili, ambao ndio mwingi kwa watu wazima, unahusiana na unene, na vinywaji vyenye sukari vinauongezea nafasi. Meno nayo yanaoza kwa sukari, kwa mtoto na kwa mtu mzima, tajiri au maskini.

Kipimo ni vijiko

Mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mwongozo kuhusu sukari. Lilisema sukari isizidi asilimia 10 ya nguvu zote anazopata mtu kwa siku kutoka kwenye chakula, na kwamba ni bora zaidi kushuka chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima anayehitaji kilokalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50, yaani vijiko vya chai kama 12. Asilimia 5 ni gramu 25, kama vijiko 6.

Hesabu hiyo inahusu sukari tunayoiongeza wenyewe, ile inayoongezwa kiwandani, pamoja na asali, sharubati na juisi ya matunda. Haihusu sukari iliyo ndani ya tunda zima wala ile ya asili iliyo ndani ya maziwa.

Sasa tuichukue hesabu hiyo mpaka kwenye butike. Vinywaji vingi vya "sucré" vina gramu kama 10 au 11 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 300 basi ina gramu 30 hadi 33: kama vijiko 8. Mtoto mdogo anayehitaji kilokalori 1,300 hivi kwa siku ana kikomo cha gramu 32 hivi. Chupa moja tu imekimaliza chote, kabla ya chai, kabla ya mkate, kabla ya uji.

Chupa ya nusu lita yenye gramu 11 kwa mililita 100 ina gramu 55. Hapo hata mtu mzima amepita kikomo chake cha siku nzima kwa kinywaji kimoja.

Soma majina matatu ya kwanza

Kanuni za kimataifa za vyakula, zinazoitwa Codex Alimentarius, zinatoka kwa OMS na FAO. Codex inataka vitu vyote vilivyomo viandikwe kwa kufuata uzito: kilicho kingi zaidi kinaandikwa kwanza, kinachofuata cha pili, mpaka kile kidogo kabisa mwishoni. Kanuni hii ndiyo ufunguo wa etiketi nzima.

Tafuta neno "ingrédients" kwa Kifaransa, au "ingredients" kwa Kiingereza. Kisha soma majina matatu ya kwanza. Ikiwa sashe yenye picha ya chungwa inaanza na "sucre" au "sugar", basi umenunua sukari iliyotiwa rangi na harufu ya chungwa. Ikiwa mkebe wa maziwa unaanza na "lait", umenunua maziwa. Ikiwa unaanza na sukari, au na mafuta ya mimea, "graisse végétale", kabla ya maziwa, hayo si maziwa kamili, hata kama ng'ombe yuko kwenye picha.

Sukari haitumii jina moja. Kwenye etiketi za Kifaransa zinazofika Bukavu, majina haya yote ni ya ukoo mmoja: "sucre", "saccharose", "glucose", "fructose", "dextrose", "sirop de glucose", "sirop de maïs", "sucre inverti", "miel", "jus concentré". Mwenye kiwanda anaweza kuweka sukari ya aina tatu katika biskuti moja. Kila moja ikihesabiwa peke yake, uzito wake unaonekana mdogo na inashuka chini katika orodha, na unga unabaki wa kwanza. Ukiona majina mawili au matatu ya ukoo huo katika pakiti moja, yajumlishe kichwani.

Kuna jina lingine la kuangalia: "maltodextrine". Huo ni wanga uliovunjwavunjwa. Mara nyingi hauhesabiwi kwenye mstari wa sukari, lakini mwili unaubadilisha kuwa glukozi kwa haraka sana. Mgonjwa wa sukari anapaswa kuujua.

Jedwali la gramu, na mtego wake

Pakiti nyingi zina pia jedwali dogo la namba. Humo tafuta mstari wa "glucides", na chini yake maneno "dont sucres". Kwa Kiingereza ni "of which sugars". Namba iliyo hapo ni gramu za sukari. Igawanye kwa 4, utapata vijiko vya chai.

Mtego uko juu ya jedwali. Namba inaweza kuwa kwa gramu 100, au kwa "portion", yaani kipande kimoja ambacho mwenye kiwanda amechagua ukubwa wake mwenyewe. Chupa ya nusu lita inaweza kuhesabiwa kama mafungu mawili au zaidi, lakini nani anakunywa nusu ya chupa na kuiacha? Ukitaka kulinganisha bidhaa mbili, tumia kila mara safu ya gramu 100 au mililita 100.

Maziwa yanahitaji uangalifu wa pekee, ili mtu asitishwe bure. Maziwa kamili ya unga yanaweza kuonyesha gramu 38 hivi za sukari kwa gramu 100. Ikiwa orodha ya vitu vilivyomo ina maziwa peke yake, hiyo ni laktozi, sukari ya asili ya maziwa. Lakini maziwa mazito matamu ya mkebe, yanayoitwa "lait concentré sucré", yana gramu kama 55 za sukari kwa gramu 100, na sehemu kubwa imeongezwa kiwandani. Huwezi kuyachukua kama maziwa ya kumlea mtoto.

Maneno "sans sucre ajouté" maana yake hakuna sukari iliyoongezwa. Hayana maana kwamba hakuna sukari. Juisi ya matunda, hata ile safi, na mutobe wetu wa ndizi, vina sukari nyingi ya asili iliyokwisha kutolewa kutoka kwenye nyama ya tunda. Ndizi yenyewe, nanasi lenyewe au marakuja lenyewe ni bora kuliko maji yake.

Uji wa pakiti wa watoto wachanga

Mwezi wa 4 mwaka 2024, shirika la Uswisi Public Eye pamoja na IBFAN, mtandao unaotetea unyonyeshaji, walitoa ripoti kuhusu Cerelac na Nido, bidhaa za kampuni ya Uswisi Nestlé zinazojulikana sana Afrika. Walichunguza bidhaa 115 za Cerelac zinazouzwa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wakakuta sukari iliyoongezwa katika 108. Uji wenye ladha ya biskuti kwa watoto wa miezi 6 ulikuwa na gramu 6 za sukari iliyoongezwa katika kila fungu huko Senegal na Afrika Kusini. Bidhaa hiyohiyo huko Uswisi haikuwa nayo.

Kampuni ilijibu kwamba inafuata sheria za kila nchi, na kwamba imekuwa ikipunguza sukari katika uji wake wa watoto mwaka baada ya mwaka. Ni kweli pia kwamba kanuni za Codex kwa vyakula vya nafaka vya watoto zinaruhusu kiasi fulani cha sukari. Lakini mwongozo wa OMS wa mwaka 2023 kuhusu kulisha watoto wa miezi 6 hadi 23 unasema vyakula vyenye sukari nyingi viepukwe na vinywaji vyenye sukari visitolewe.

Sababu si kalori tu. Mtoto anajifunza ladha katika miezi hiyo. Aliyezoezwa utamu mkali katika uji wa kwanza atakataa uji wa masoso usio na sukari, na mama ataongeza kijiko ili akubali kula. Hapo desturi imekwisha kuzaliwa.

Utamu usio wa sukari

Juisi nyingi za unga za bei ya chini zina sukari kidogo, lakini ni tamu sana. Utamu huo unatoka kwa vitu vya kiwandani: aspartamu, ambayo ni tamu mara 200 hivi kuliko sukari, sakarini mara 300 au zaidi, sukralozi mara 600. Kwenye etiketi vinaweza kuandikwa kwa namba tu: E950 ni asesulfamu, E951 aspartamu, E952 siklamati, E954 sakarini, E955 sukralozi. Vinapendwa na viwanda kwa sababu kiasi kidogo sana kinatosha, na hivyo bei inashuka.

Vitu hivi si sumu kwa kiasi kilichokubaliwa. Wataalamu wa OMS na FAO waliweka kikomo cha aspartamu kuwa miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na mwaka 2023 walikiacha kama kilivyo, ingawa mwezi huohuo shirika la OMS la utafiti wa kansa liliiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha kansa, kwa ushahidi mdogo. Siklamati ilikatazwa Marekani tangu mwaka 1970, lakini nchi nyingi nyingine zinairuhusu.

Shauri la OMS la mwaka 2023 ni kwamba vitu hivi visitumiwe kama njia ya kupunguza unene, kwa sababu havionyeshi faida ya muda mrefu. Kwa watoto chini ya miaka 2, havipendekezwi kabisa. Ukiona namba mbili au tatu kati ya hizo kwenye sashe, fahamu kwamba huenda tunda lililo kwenye picha halimo, na kwamba utamu wake hautoki kwa sukari peke yake. Mara nyingi ni rangi, asidi na utamu.

Chupa zisizo na etiketi

Kuna pia bidhaa za hapahapa: yawurti ya sashe, juisi ya tangawizi, ya nanasi au ya marakuja inayouzwa katika chupa zilizotumika. Kazi hiyo inalisha familia nyingi mjini, na baadhi ya vinywaji hivyo ni bora kuliko vya kiwandani. Lakini bila etiketi, mnunuzi hana la kusoma. Mgonjwa wa sukari hawezi kujua kama lita moja ilitiwa vijiko 5 au 25.

Hapa muuzaji mdogo ana nafasi ya kuwazidi wakubwa. Kipande cha karatasi chenye maneno manne ya Kiswahili, "maji, nanasi, tangawizi, sukari", na tarehe ya kutengenezwa, hakigharimu sana. Akiongeza "sukari vijiko 6 kwa lita", mteja anayejali afya atarudi kwake.

Etiketi kwa lugha ya mnunuzi

Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006, katika kifungu cha kwanza, inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Hata hivyo, mkaaji wa Bukavu anaweza kutembea sokoni kutwa nzima bila kuona pakiti yenye neno "sukari". Zile chache anazoweza kuziona, kwa kawaida, zimetoka Tanzania au Kenya.

Hakuna anayedai kila kiwanda cha Uturuki kichape pakiti mpya. Kanuni ya Codex yenyewe imeona tatizo hilo: ikiwa lugha ya etiketi haifai kwa mnunuzi, inaruhusiwa kubandika etiketi ya nyongeza yenye habari za lazima kwa lugha inayotakiwa. Kinachohitajika ni karatasi ya kubandika juu ya katoni au mkebe kabla bidhaa haijaingia sokoni. Office Congolais de Contrôle, OCC, ndiyo yenye kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia. Programu ya taifa ya lishe, PRONANUT, inajua majina ya kuandika. Wenye kuagiza bidhaa wanajua idadi ya katoni zao. Hakuna kazi hapo inayopita uwezo wao wakiamua.

Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 2016, Chile inalazimisha alama nyeusi mbele ya pakiti yenye sukari nyingi, ambayo hata mtoto anaitambua. Afrika Kusini ilianza mwaka 2018 kutoza kodi vinywaji kulingana na sukari iliyomo, na viwanda vikaanza kupunguza sukari ili kukwepa kodi hiyo.

Tunapongoja

Etiketi ya Kiswahili haitafika kesho, na mtoto anakula leo. Kuna mambo ambayo nyumba inaweza kufanya bila kungoja mtu.

Soma majina matatu ya kwanza kabla ya kutoa pesa. Kama sukari imo kati ya hayo matatu, kihesabu chakula hicho kuwa bomboni, na umpe mtoto kama unavyompa bomboni: mara mojamoja, si kila asubuhi.

Linganisha bei. Pesa ya juisi ya chupa na pakiti ya biskuti, ikikusanywa kwa siku kadhaa, inanunua rundo la sambaza, kipimo cha maharagi, mayai au karanga za kusaga ndani ya uji. Vyakula hivyo ndivyo vinavyozuia bwaki. Avoka na ndizi za Kabare na Walungu hazina etiketi, na haziihitaji.

Punguza sukari ya uji na ya chai kidogokidogo, nusu kijiko kwa wiki. Ulimi unazoea. Na mtoto asiyefika miezi 6 anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake, kisha aendelee kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi huku akila chakula cha nyumbani.

Mwenye ugonjwa wa sukari asiache dawa yake kwa sababu amepunguza sukari. Aongee kwanza na munganga wake. Na kama mtoto wa nyumba amekwenda masomo na anajua kusoma Kifaransa, mpeni kazi: kabla ya kulipa butikeni, asome kwa sauti majina matatu ya kwanza yaliyo nyuma ya pakiti. Nyumba nzima itajifunza pamoja naye.